Gari linagonga mashimoni: chunguza stabilaiza kabla hujanunua shokapu

“Fundi, mbele panagonga.” Hakuna gereji Tanga isiyoyajua maneno haya, na jibu linalotolewa upesi ni kwamba shokapu zimekufa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini wapo watu waliotoa pesa ya shokapu mbili, wakafungiwa, wakafika mtaa wa kwanza wenye mashimo kule Ngamiani na kuukuta mlio uko palepale. Kilichokuwa kinagonga ni linki ya stabilaiza, kichuma chembamba ambacho kwa kawaida bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya shokapu. Haya ni kwa mwenye gari anayetaka kuujua ugonjwa kabla ya kununua dawa, na kwa kijana wa gereji anayejifunza kazi na hataki kukisia kwa pesa za mteja.

Stabilaiza inafanya nini

Ukichungulia chini ya gari kwa mbele utaona ufito wa chuma cha springi, umepindwa kama herufi U iliyotanuliwa, unakatiza kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Hiyo ndiyo stabilaiza. Katikati imeshikwa kwenye krosmemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari) kwa bushi mbili za mpira zilizobanwa na vibano vya chuma. Kila ncha yake imeungwa na linki, na linki nayo imeungwa na mwili wa shokapu au na kontroli am (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu), kutegemea gari. Magari mengi yana ya mbele, mengine yana mbele na nyuma, na baadhi ya vigari vidogo vya bei nafuu vilitoka kiwandani bila hata moja. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhakikisha gari lako linayo.

Gari likikata kona kushoto kwa kasi, bodi inalalia kulia. Springi ya kulia inabanwa, ya kushoto inafunguka. Ncha moja ya ufito inapanda, nyingine inashuka, ufito unasokoteka, na kwa kuwa ni chuma cha springi unataka kurudi ulivyokuwa. Nguvu hiyo ya kurudi ndiyo inayoizuia bodi isilale mno. Lakini magurudumu yote mawili yakipanda kwa pamoja, kama kwenye tuta lililokatiza barabara nzima, ufito hausokoteki. Unazunguka tu ndani ya bushi zake, hauna kazi.

Yashike maneno hayo: gurudumu moja likipanda peke yake stabilaiza inafanya kazi, yote mawili yakipanda pamoja inapumzika. Karibu uchunguzi wote utakaofuata unatoka hapo. Kifaa chenyewe ni kikongwe (Stephen Coleman wa Fredericton, Kanada, alipata hataza yake mwaka 1919) na katika magari mengi tunayoendesha bado ni ufito uleule, bushi mbili na linki mbili. Hakuna kompyuta ya kuupimia. Unahitaji masikio, mikono na subira.

Anza na tuta

Kabla ya jaribio lolote, toa kwenye buti jeki, spana, kopo la maji na chochote kinachoweza kuruka, kisha hakikisha tairi la akiba limekazwa. Milio mingi inayodaiwa ni ya chini huwa ni jeki inayocheza. Pima upepo wa tairi pia. Zima redio, shusha vioo.

Sasa tafuta tuta lililokatiza barabara yote, lipitie polepole ukiwa umenyooka ili magurudumu ya mbele yapande kwa wakati mmoja. Sikiliza. Rudi, ulipitie tena ukiwa umekaa mshazari, gurudumu la kushoto litangulie na la kulia lifuate. Kama ulipopita umenyooka palikuwa kimya na mshazari pakagonga, shuku linki na bushi za stabilaiza kwanza. Kama panagonga namna zote mbili, kwa nguvu ileile, geukia mauntini (vishikizo) za shokapu, bolijointi (kiungo cha chuma chenye kichwa cha mviringo) na bushi za kontroli am kabla ya kuigusa stabilaiza.

Jaribio hili linaelekeza tu, halihukumu. Linki iliyolika kupita kiasi inaweza kugonga hata ukipita umenyooka, na bolijointi mbovu nayo husikika zaidi mshazari. Ila linakuonyesha pa kuanzia, na pa kuanzia pakiwa sahihi pesa nyingi hubaki mfukoni.

Ukikosa tuta, ingia mtaa mwembamba wenye nyumba pande zote mbili, kama ilivyo mitaa mingi kati ya barabara zenye namba za Ngamiani. Ukuta unarudisha sauti. Pita karibu na ukuta wa kushoto, kisha geuza upite ukuta uwe kulia, na utajua mlio uko upande gani vizuri zaidi kuliko ukiwa barabara ya wazi.

Ko-ko-ko kwenye mashimo madogo, kimya kwenye lami

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo linalopotosha watu zaidi. Mama mmoja alilieleza vizuri kuliko mafundi wengi:

“Mwanangu, hii Toyota IST nikienda nayo sokoni Mgandini inagonga mpaka naona haya. Nikienda nayo Muheza haigongi kabisa. Sasa ina ugonjwa au haina?”

“Inao, mama, na umeshausema mwenyewe. Ni linki.”

Fundi hakubahatisha. Kila ncha ya linki ina kibolijointi kidogo: kichwa cha mviringo cha chuma kilichokaa ndani ya kikombe cha plastiki, kimepakwa grisi, kimefunikwa kwa kifuko cha mpira. Kifuko kikipasuka, mchanga na maji ya chumvi vinaingia, grisi inatoka, kikombe kinalika, na kichwa kinapata nafasi ya kucheza. Kwenye mitaa yenye vishimo vidogo, magurudumu yanapanda na kushuka kwa kupokezana, haraka haraka. Linki inavutwa, inasukumwa, inavutwa tena, na kila inapogeuzwa kichwa kinagonga ukuta wa kikombe. Ko, ko, ko. Kwenye lami ya kwenda Segera barabara imelala, hakuna cha kuigeuza linki mara kwa mara, na ukiingia kona ndefu ufito unasokoteka na kuivuta linki upande mmoja mfululizo. Nafasi ya kucheza inabanwa. Kimya. Mlio unaosikika mwendo mdogo kwenye barabara mbaya na kupotea mwendo mkubwa kwenye barabara nzuri ni saini ya linki.

Kuithibitisha, ingiza gari kwenye shimo la gereji au lipandishe juu ya vibao vya kupandia, magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa yamekanyaga sawasawa. Shika linki kwa mkono na uitikise kwa nguvu mbele na nyuma, juu na chini. Linki nzima hukaa imara, haina sauti. Linki mbovu utaisikia ikigonga kidoleni hata kabla ya sikio kuisikia. Tazama na vifuko vya mpira: kilichopasuka, au kilichozungukwa na grisi nyeusi iliyochanganyika na mchanga, kinatosha kuihukumu linki hata kama leo bado haijaanza kugonga.

Kuna mtego hapa unaowapata mafundi wengi wenye haraka. Wanapiga jeki upande mmoja, wanavua tairi, wanaitikisa linki na kusema “hii nzima.” Lakini gurudumu moja likining’inia na lingine likiwa limekanyaga, ufito umesokoteka, na linki zote mbili ziko chini ya mvutano. Hata iliyokufa itaonekana imekaza. Ama inua pande zote mbili, ama uache zote zikanyage. Hakuna namna ya tatu.

Linki ikishatolewa, jaribu kichwa chake kwa kidole. Kizima kinageuka kwa ugumu na kubaki pale ulipokiacha. Kinacholala chenyewe kwa uzito wake kimekwisha. Na ukiikuta moja imekufa, mimi nasema badilisha zote mbili. Zimefungwa siku moja, zimepita mashimo yaleyale, na kazi ya kufungua ya pili wakati vifaa vimeshatoka ni ndogo.

Ukibaki na shaka, lipo jaribio la mwisho linalomaliza ubishi. Fungua linki zote mbili kwenye ncha za stabilaiza, zifunge kando kwa waya au kamba ya mkonge ili zisiguse tairi wala bomba la breki, kisha uendeshe polepole mtaa mmoja tu wenye mashimo. Mlio ukipotea, umeupata. Ukibaki, stabilaiza haina kosa. Ukimaliza zirudishe. Gari lisiingie barabara kuu likiwa hivyo.

Kishindo kizito chini ya miguu

Linki ikigonga unaisikia kwenye gurudumu, sauti kavu na nyepesi. Bushi za ufito zikilegea sauti ni nzito na iko katikati, unaihisi kwenye sakafu chini ya miguu ya dereva, hasa gurudumu moja likidumbukia kwenye shimo au gari likitoka barabarani kuingia uwanjani kwa mshazari.

Chanzo mara nyingi ni umri. Magari mengi tunayonunua yameshatembea Japani miaka mingi kabla ya kupanda meli, na mpira unazeeka hata gari likiwa limesimama. Unakauka, unapungua, tundu linapanuka, ufito unaanza kuruka ndani yake. Chanzo cha pili ni mafuta. Injini au usukani ukivuja, mafuta yanateremka hadi kwenye bushi na kuulainisha mpira mpaka unavimba na kuwa kama tope. Ukifunga bushi mpya bila kuziba mvujo huo, umenunua muda mfupi tu. Chanzo cha tatu ni boliti ya kibano iliyolegea au kibano chenyewe kilicholiwa na kutu.

Chomeka bisibisi kubwa au mtaimbo mdogo kati ya ufito na krosmemba, usukume juu na chini. Ukiona ufito unahama na mwanga unapita kati yake na mpira, jibu umelipata. Alama nyingine ni chuma kinachong’aa kandokando ya bushi, ishara kwamba ufito umekuwa ukihama kushoto na kulia.

Kabla ya kwenda dukani, pima unene wa ufito. Usiseme tu “bushi za Premio” au “bushi za Noah,” kwa kuwa gari moja la jina moja linaweza kuwa na fito za unene tofauti kulingana na injini au mwaka. Safisha mahali bushi inapokaa kwa brashi ya waya, pima kwa vernia, kile kipimo cha taya kinachosoma milimita. Bushi nyingi zimeandikwa milimita zake. Ya milimita 24 juu ya ufito wa 22 itagonga siku hiyohiyo.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada. Chumvi inajipenyeza kati ya bushi na ufito, na chuma kinaliwa pale pale ambapo mpira umekifunika. Ufito unaoonekana mzima kwa nje unaweza kuwa umepungua na kuwa na vijishimo chini ya bushi. Ukikuta hivyo, bushi mpya haitashika vizuri na vijishimo vitaitafuna kama msasa. Hapo ni kubadilisha ufito.

Mlio wa kukwaruza kama kitanda kikuukuu

Huu si wa kugonga. Ni “nyii, nyii” gari linapotikisika taratibu, hata mtu akiingia au kushuka. Chukua chupa ya maji yenye sabuni kidogo, loanisha bushi za stabilaiza peke yake, kisha watu wawili walitikise gari. Sauti ikikata kwa muda, ndizo. Ikiendelea, loanisha bushi za kontroli am, moja baada ya nyingine, mpaka uipate. Wenye gari wengine hutoa ushahidi bila kujua wanaposema mlio hupotea wakati wa masika na kurudi jua linapokaza.

Usimwagie mafuta ya injini, dizeli wala grisi ya kawaida. Sauti itanyamaza siku chache, kisha mpira utavimba na kuoza, na utakuwa umegeuza kero kuwa uharibifu. Ikilazimu kupaka kitu, iwe grisi ya silikoni. Bushi za poliyurethani, zile ngumu za rangi ambazo wengine huzipenda, hizo zinahitaji grisi yake ya silikoni wakati wa kufungwa, la sivyo zitalia kuliko mpira.

Gari linalala mno kwenye kona

Hili ni la hatari zaidi, na ubaya wake ni kwamba linaweza kuja bila sauti yoyote. Linki ikikatika kabisa na kudondoka, hakuna tena cha kugonga. Mwenye gari anafurahi kuwa mlio umeisha wenyewe. Anakuja kulijua siku anapopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kwenye ile barabara nyembamba inayojikunja pembezoni mwa mlima, gari linapolala upande wa korongo kuliko alivyozoea.

Tofautisha na shokapu iliyokufa. Shokapu ikifa, gari linadundadunda: ukivuka tuta linaendelea kupanda na kushuka, ukikanyaga breki linainamisha pua. Stabilaiza ikikatika, gari halidundi. Linalala tu kwenye kona, na ukinyoosha usukani linarudi. Tairi zenye upepo mdogo na mzigo mkubwa juu ya keria ya gari huleta hali inayofanana, ndiyo maana upepo unapimwa kwanza. Ukishuku, ingia chini utazame linki zote mbili kwa macho, kisha ufuate ufito mzima kwa mkono kutafuta ufa, hasa pale unapopinda na karibu na ncha zake.

Nina neno kuhusu desturi moja ambayo inanisikitisha sana. Kuna mafundi ambao mteja akilalamikia mlio na hana pesa ya linki, wanazitoa zote mbili na kumwambia aendelee hivyo. Gari linanyamaza, mteja anashukuru. Hakuna anayemwambia kwamba kiwanda kilipanga ugumu wa mbele na wa nyuma vishirikiane, na kwamba ukiondoa stabilaiza ya mbele huku ya nyuma ikibaki, nyuma ya gari inaweza kuteleza mapema kuliko mbele dereva anapokata usukani ghafla. Mjini kwa mwendo wa polepole hataona tofauti. Ataiona siku bodaboda au ng’ombe anapokatiza mbele yake kwenye njia ya Segera. Mteja asipokuwa na pesa leo, ni heri aendelee na linki inayogonga lakini bado imeshikana, aende polepole, arudi mwisho wa mwezi. Mlio haumdhuru. Kuondolewa kwa kifaa kunaweza kumdhuru.

Milio inayosingiziwa stabilaiza

Mlio wa kuzungusha usukani gari likiwa limesimama: kwanza tazama mauntini ya juu ya shokapu na bolijointi. Linki zilizofungwa kwenye mwili wa shokapu huzunguka nao kidogo na zinaweza kutoa “tk,” ila si za kushukiwa mwanzo. Mlio wa ta-ta-ta unapokata kona huku umekanyaga mafuta ni sivi jointi, kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu. Kishindo kimoja unapoingiza gia au kuachia mafuta ni mauntini ya injini. Tairi kulika upande mmoja ni suala la alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) au bushi za kontroli am, na gari lililoinama upande mmoja likiwa limeegeshwa mahali tambarare kwa kawaida lina springi iliyochoka au kukatika. Hilo la mwisho lina kighairi kimoja: kama karibuni ulifungiwa linki ya upande mmoja tu, na ni fupi au ndefu kuliko mwenzake, ufito unakaa umesokoteka muda wote na unaweza kuinamisha gari. Linganisha urefu wao.

Kuzibadilisha

Linki ni kazi ambayo mtu mwenye mikono mizuri anaweza kuifanya mwenyewe uwanjani. Jioni ya kabla yake, safisha nyuzi za boliti kwa brashi ya waya na upulizie mafuta ya kulegeza kutu, uache hadi asubuhi. Kwa magari ya hapa karibu na bahari, hatua hii si ya hiari. Piga jeki, weka stendi imara pande zote mbili za mbele, magurudumu yote yaning’inie sawa. Usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala usitumie tofali la saruji kama stendi. Linapasuka bila kuonya.

Nati huwa ya spana namba 14 au 17. Ukiifungua, mara nyingi kichwa cha linki kitazunguka nayo. Kizuie kwa aleni ki (ufunguo wa pembe sita) ya 5 au 6 inayoingia kwenye tundu lililo mwishoni mwa boliti, halafu geuza nati kwa spana ya kawaida. Tundu likiwa limejaa kutu, lichokonoe kwa msumari kabla hujaiingiza aleni, maana ikiteleza mara moja tundu limeharibika. Likiharibika, linki inakatwa kwa msumeno wa chuma au grainda. Kwa grainda, funika kwanza bomba la breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) kwa bati au kitambaa kilicholoa. Cheche zinaweza kuvichoma na kuviharibu.

Linki mpya ifungwe na nati mpya. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kwa Corolla za kizazi cha 2000 hadi 2007, kwa mfano, nati ya linki ya mbele ni Nm 74 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukilegeza itagonga, ukizidisha utaharibu nyuzi. Kubadilisha linki peke yake hakuhitaji alaimenti. Anayekulazimisha mwambie hivyo kwa heshima.

Bushi za ufito ni kazi nzito zaidi, kwa kuwa katika magari mengi vibano viko nyuma ya krosmemba, mahali mkono haufiki vizuri, na mengine yanataka krosmemba ishushwe. Ikishushwa, hapo alaimenti ipimwe. Bushi ina mpasuko wa kuivisha. Ukae ukielekea upande uleule uliokuta wa zamani umeelekea. Boliti za vibano zishike kwanza bila kukazwa, teremsha gari likanyage chini, litikise mara chache, ndipo ukaze mwisho. Ukizikaza magurudumu yakining’inia, mpira unaweza kushika ufito mahali ambapo sipo pake, na unavutwa muda wote gari likiwa chini.

Umebadilisha na bado panagonga? Rudia nati kwanza, kwa sababu nati iliyosimama juu ya kutu hudanganya kuwa imekaza. Pima tena unene wa ufito dhidi ya bushi. Hakikisha linki ya kushoto haikufungwa kulia kwa magari ambayo zinatofautiana. Angalia kama tundu kwenye ncha ya ufito limepanuka kwa kugongwa muda mrefu. Yote yakiwa sawa, rudi kwenye tuta na uanze upya na bolijointi.

Spea

Linki ya mtumba usinunue. Huwezi kujua kikombe chake kimebakiza nini, na kazi ya kuifunga ni ileile. Linki mpya zipo za kiwandani na za kuiga. Za kuiga si zote mbaya, ila kabla ya kulipa geuza kichwa kwa kidole: kiwe kigumu, kifuko kiwe kimekaa kwenye mfereji wake pande zote, na kusiwe na ufa kwenye kiungo cha ufito na kikombe.

Ufito wa mtumba, huo ununue bila wasiwasi, mradi haukuliwa na kutu mahali pa bushi na haujawahi kuchomelewa. Chuma cha springi kikipigwa moto wa kuchomelea kinapoteza tabia yake, na pembeni mwa weldi ndipo kitakapokatika. Lakini unene uwe uleule. Ugumu wa ufito unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake: kutoka milimita 22 hadi 24, tofauti ambayo jicho haliioni, ugumu unaongezeka kwa takriban asilimia 42. Gari litapunguza kulala kwenye kona, ndiyo, lakini kila shimo la gurudumu moja litapitishwa hadi gurudumu la pili, na mbele na nyuma havitapatana tena.

Utunzaji

Upepo wa baharini unafika kila gari linaloegeshwa Raskazone au Sahare, hata kama halijawahi kukanyaga mchanga wa ufukweni. Osha chini kwa maji baridi, hasa baada ya safari ya Pangani au siku ya kuegesha karibu na maji, na usielekeze mkondo wa presha moja kwa moja kwenye vifuko vya mpira. Kila unapomwaga oili, tumia dakika mbili zaidi kumulika tochi kwenye vifuko vinne vya linki na bushi mbili za katikati. Usikubali fundi apulizie oili chafu chini ya gari lote kuzuia kutu. Chuma kitafaidika, mpira utaumia.

Kwenye mashimo, ukilazimika kuingia, ingia polepole. Kwa matuta, yapite ukiwa umenyooka. Madereva wengi wana mazoea ya kulipita tuta mshazari wakidhani wanalihurumia gari, kumbe kila mshazari unaisokota stabilaiza na kuivuta linki. Gari la chini sana linaweza kuhitaji hivyo lisikwaruze tumbo, lakini la kawaida halihitaji.

Wenye magari makubwa

Baadhi ya Nissan Patrol Y61 zina swichi ya kuiachia stabilaiza ya nyuma ili magurudumu yapate uhuru kwenye njia mbaya. Ukiitumia kupanda Amani wakati wa tope, kumbuka kuirudisha ukifika lami ya Muheza. Na baadhi ya Land Cruiser 200 na Prado 150 zina mfumo wa KDSS, ambao stabilaiza zake zimeungwa na silinda za mafuta ya haidroliki badala ya kutegemea linki za kawaida peke yake. Gari la namna hiyo likiinama upande mmoja, usiruhusu mtu afungue mabomba yake kwa kujaribu. Mafuta yake hujazwa kwa utaratibu maalumu, na vali zake zina hatua zake za kulegezwa na kukazwa. Lipeleke kwa fundi aliyewahi kuufungua mfumo huo, hata kama itabidi usubiri nafasi yake.